Dola 1,200, nyanya na watoto wawili: kwa nini ningewapeleka Washington, si New York

Dada mmoja anayeishi Columbus, Ohio, ameniandikia hivi: mama yake mzazi anakuja kutoka Mombasa mwezi wa kumi, na viza ameshapata. Ni mara yake ya kwanza Marekani, ana umri wa miaka 68, na magoti yanamsumbua. Dada na mumewe wana watoto wawili, wa miaka 9 na wa miaka 4. Wametenga dola 1,200 za kumtembeza mama mji mmoja mkubwa mwishoni mwa juma, mbali na tiketi yake ya ndege. Mume anataka New York kwa sababu ndiyo iliyo midomoni mwa watu kule nyumbani. Dada anauliza: fedha hizi zinatosha? Na kama hazitoshi, wapunguze nini?

Dada yangu, kwanza mpe mama shikamoo yangu. Fedha zinatosha, ila kwa New York zitatosha kwa kubanana. Ningekushauri mbadilishe mji. Mpelekeni Washington.

Nakueleza sababu kwanza, maana najua itabidi umshawishi mumeo. Makumbusho mawili makubwa ya New York, Metropolitan na MoMA, yanamtoza mtu mzima mgeni dola 30 kila moja. Boti ya kwenda kwenye Sanamu ya Uhuru ina nauli yake, na kupanda juu ya jengo refu lolote kuna tiketi yake. Gari lenu litalala kwenye gereji inayotoza kila usiku, tena kwa bei ghali. Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni kile ambacho tiketi humfanyia mtu. Ukishalipa dola 30, hutaki kutoka. Mtoto wa miaka 4 analia, magoti ya mama yanawaka moto, na wewe bado unawavuta kwenye ukumbi wa tatu ili fedha isipotee bure. Nimeona familia nyingi zikirudi na picha nzuri huku hakuna anayesema na mwenzake.

Washington mambo ni tofauti, na kuna historia nyuma yake. Mwingereza mmoja, James Smithson, alifariki mwaka 1829, na mali yake hatimaye ikaja kwa Marekani, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, ili ianzishwe taasisi ya kueneza elimu. Taasisi hiyo, Smithsonian, iliundwa mwaka 1846. Leo ina makumbusho 21 pamoja na bustani ya wanyama, mengi yakiwa Washington, na yote yaliyo Washington hayana kiingilio. Jumba la Taifa la Sanaa, Maktaba ya Bunge, Bunge lenyewe, sanamu ya Lincoln na ya Martin Luther King, vyote ni bure pia. Mnaweza kuingia mahali, mkakaa dakika 40, mama akasema amechoka, mkatoka, na hakuna kilichopotea. Kwa msafara wenye mzee na mtoto mdogo, uhuru huo wa kutoka unazidi thamani ya jengo lolote refu.

Sasa tuje kwenye tiketi ya mama, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kuokoa zaidi kuliko popote pengine. Umesema mnatafuta tiketi ya Mombasa hadi Columbus. Angalieni kwanza bei ya tiketi inayoishia Dulles, uwanja mkubwa wa ndege wa Washington. Ethiopian Airlines hutua Mombasa na hutua Dulles, hivyo mama anaweza kubadilisha ndege Addis Ababa tu. Hapati shida ya kuchukua mizigo yake baada ya uhamiaji, kuikabidhi tena, halafu kutafuta mlango wa ndege ndogo ya Columbus katika uwanja asioujua. Nyinyi mnampokea Dulles, mnatembea naye siku mbili, kisha mnarudi nyumbani naye kwa gari. Safari mbili zinakuwa moja. Tafuteni inayomfikisha Jumamosi asubuhi.

Kabla hajapanda ndege, mkatieni bima ya afya ya wageni. Usiipitie haraka hii. Usiku mmoja kwenye chumba cha dharura hospitalini Marekani unaweza kumeza bajeti yenu yote na ya mwaka ujao. Bima za wazee huwa na masharti kuhusu maradhi ambayo mtu alikuwa nayo tangu awali, kwa hiyo someni kipengele hicho kabla ya kulipa. Dawa zake za presha au sukari aziweke kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa katika pakiti zake zenye jina. Akishaingia nchini, ingieni kwenye tovuti ya serikali mchapishe fomu yake ya I-94, yaani rekodi ya kuingia kwake nchini, atembee nayo pamoja na nakala ya pasipoti. Sheria inamtaka mgeni mtu mzima awe na uthibitisho huo popote alipo.

Kuhusu mahali pa kulala, watu wengi hukosea wakidhani lazima walale katikati ya mji. Hoteli za ndani ya Washington zina kodi ya asilimia 15.95 juu ya bei ya chumba, na maegesho yake ni ghali kama ya New York. Nyinyi laleni Herndon au Reston, upande wa Virginia, dakika chache kutoka Dulles. Ni eneo la kampuni za kompyuta. Jumatatu hadi Alhamisi hoteli zake hujaa watu wa kazi, na ikifika Ijumaa wanaondoka na bei inashuka. Hapo mnataka chumba chenye jiko dogo na friji, zile hoteli ambazo wafanyakazi hukaa wiki nzima. Maegesho mara nyingi ni bure. Tafuteni iliyo karibu na kituo cha treni cha Silver Line, na msiiamini ramani peke yake: pigeni simu muulize kama kuna njia ya miguu hadi kituoni. Vitongoji vya Virginia vimejengwa kwa ajili ya magari, na mita 600 kwenye ramani zinaweza kuwa barabara ya njia nane isiyo na pa kuvukia mzee.

Waambieni hoteli mko watano. Najua wako wanaoandikisha watatu kisha wakapitisha watoto mlango wa nyuma, lakini hoteli huweka idadi ya watu kwa kila chumba, na wakigundua usiku mtalipishwa chumba cha pili kwa bei ya usiku huo. Chumba chenye vitanda viwili vikubwa na kochi linalokunjuliwa kitawatosha.

Kwa nini nasisitiza wikendi? Kwa sababu ya nauli. Treni za Metro za Washington hutoza kwa umbali na saa. Tangu katikati ya mwaka 2024, siku za kazi nauli imekuwa kati ya dola 2.25 na 6.75 kwa safari moja, na Herndon iko mbali kiasi kwamba mngelipa ya juu. Jumamosi na Jumapili nauli haizidi dola 2.50 hata ukitoka mwisho mmoja wa reli hadi mwingine. Mtoto wenu wa miaka 4 hapandi kwa malipo, wa miaka 9 analipa kama mtu mzima. Wanne kwenda na kurudi siku ya kazi ni dola 54. Jumapili ni dola 20. Hamhitaji kununua kadi za Metro, kwani siku hizi unagusisha kadi ya benki kwenye lango, lakini kila mtu lazima awe na kadi yake. Kadi moja haiwezi kupitisha wanne. Kama hamna kadi nne tofauti za benki, nunueni SmarTrip kwa wanaokosa, dola 2 kila moja.

Hapa nitahadharishe jambo. Mtakutana na makala nyingi zinazosifu basi jekundu la Circulator la dola 1 lililokuwa likizunguka makumbusho. Basi hilo lilisimamishwa tarehe 31 Desemba 2024. Na mwezi Juni 2025 mabasi yote ya Metro yalibadilishiwa njia na majina, hivyo namba yoyote ya basi mtakayoisoma kwenye makala ya zamani itawapoteza. Fuateni treni.

Gari lenu liacheni hotelini. Washington ina kamera za spidi kila pembe, na kuzidisha maili 11 kwa saa tu ni faini ya dola 100. Bahasha itakufuata hadi Ohio. Mimi mwenyewe niliwahi kuegesha kwenye mtaa mmoja karibu na Ikulu saa tisa alasiri, kibao nikakisoma nusu. Saa kumi mtaa ule hugeuka njia ya magari yanayotoka kazini. Niliporudi, gari lilikuwa limeshavutwa, na siku ile nililipa faini na gharama za kulikomboa zaidi ya nilivyotumia kwa chakula safari nzima.

Njia ya kuja nayo ina fedha ndani yake. Simu itawaelekeza mpite Pennsylvania Turnpike, na hiyo ina ushuru mkubwa wa barabara. Iambieni iepuke ushuru. Mtafuata I-70 hadi mji mdogo wa Washington ulioko Pennsylvania (msishangae jina), mshuke I-79 hadi Morgantown, kisha I-68 kupitia milima ya Maryland hadi Hancock, mrudi I-70 mpaka Frederick. Kutoka Frederick msiingie jijini. Shikeni barabara ya 15 hadi Leesburg, halafu ya 7 na ya 28 hadi Herndon. Hamtalipa hata senti ya ushuru. Ni kama maili 400. Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi Ijumaa, mkasimama kula na kunyoosha miguu, mtafika mapema alasiri.

Mkiwa mmeingia mapema, kuna zawadi ya watoto inayowasubiri jirani na uwanja wa ndege. Ni tawi la makumbusho ya ndege, Udvar-Hazy, kule Chantilly. Kuna Concorde, ile ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, ndani ya jumba, kuna SR-71, ile ndege nyeusi ya upelelezi iliyovunja rekodi za kasi, na ndege nyingine zinaning'inia darini. Kuingia ni bure, ila maegesho ni dola 15. Baada ya saa kumi alasiri maegesho nayo ni bure, na jumba hufungwa saa kumi na moja na nusu. Saa moja na nusu inawatosha watoto waliokaa garini tangu alfajiri.

Jumamosi asubuhi mnampokea mama. Msilipie gereji ya uwanja. Kuna uwanja maalumu wa kusubiri ndani ya gari, bure, mpaka apige simu kwamba ameshapata mizigo. Kisha nakuomba dada, usimpeleke popote. Ametoka upande mwingine wa dunia, mwili wake unaamini ni jioni. Mpeni chai, aoge, aswali, alale. Kama angependa kuswali na watu, msikiti mkubwa wa ADAMS uko Sterling, karibu tu, na eneo lote lile lina maduka ya nyama halali. Wewe kaa naye. Mna mengi ya kuzungumza baada ya miaka yote hiyo, na mazungumzo hayo nayo ni sehemu ya safari.

Mumeo awachukue watoto bustani ya wanyama. Ni bure lakini lazima mchukue pasi za kuingia mtandaoni mapema, kwa hiyo zichukueni mkiwa bado Columbus. Panda wawili kutoka China, Bao Li na Qing Bao, walifika Oktoba 2024 na walianza kuonyeshwa Januari 2025; kwa mtoto wa miaka 4 hao ndio Washington yote. Mumeo abadilishe treni Metro Center, apande Red Line, na asishuke kituo chenye jina la bustani, Woodley Park. Ashuke kinachofuata, Cleveland Park. Umbali ni karibu sawa, lakini kutoka Cleveland Park njia ni tambarare, wakati kutoka Woodley Park ni mlima mtupu. Wakati wa kurudi ndipo atumie Woodley Park, akiteremka. Na asiende kwa gari: maegesho pale ni dola 30.

Jumapili ndiyo siku ya mama. Kabla sijakupangia, nikueleze kosa langu. Miaka ya nyuma nilimtembeza shangazi yangu kwenye ule uwanja mrefu wa nyasi wanaouita National Mall. Kwenye picha unaonekana kama uwanja wa kawaida: Bunge huku, Lincoln kule, nguzo ndefu katikati. Tulianza Bungeni kwa miguu, mwezi Julai. Kutoka mwisho hadi mwisho ni kilomita 3, na majengo ni makubwa kiasi kwamba yanakudanganya uyaone karibu. Shangazi alikaa chini kando ya bwawa, hatujafika kwa Lincoln, akasema hapa panatosha. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimchosha mtu aliyekuja kunitembelea kwa sababu nilitaka kumwonyesha vitu vingi.

Kwa hiyo, kiti cha magurudumu. Makumbusho ya Smithsonian huazima viti bure mlangoni, anayewahi ndiye anayepata, lakini havitoki nje ya jengo. Tafuteni chepesi cha kukunja mkiwa Columbus, ulizeni msikitini au kwa majirani, mkitie kwenye buti. Mama zetu hukataa kiti kwa sababu wanaona ni cha mgonjwa. Usimlazimishe. Sukumeni kiti kikiwa na mikoba na chupa za maji. Baada ya nusu saa ataomba mwenyewe apumzike kidogo. Mkiwa na kiti, tumieni lifti kila kituo cha Metro, na kabla hamjatoka hotelini angalieni kwenye tovuti yao kama lifti za vituo vyenu zinafanya kazi siku hiyo.

Mahali pa kuanzia ni Makumbusho ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, lile jengo la rangi ya shaba lililofunguliwa Septemba 2016. Pasi zake ni bure, ila zinagombewa. Hutolewa mtandaoni siku 30 kabla, saa mbili asubuhi. Tia kengele kwenye simu, uchukue za watu watano za saa ile ya kwanza ya kufungua. Mkizikosa, nyingine hutolewa asubuhi ya siku yenyewe saa mbili na robo. Mtashuka kituo cha Smithsonian bila kubadilisha treni, kwa sababu Silver Line inapita hapo hapo.

Ndani, historia inaanzia chini ya ardhi. Lifti kubwa inawateremsha hadi karne ya 15, halafu mnapanda taratibu, ghorofa kwa ghorofa, kutoka utumwa hadi leo. Kule chini ni giza na pembamba makusudi, na watu hunyamaza. Mama wa Mombasa hataona jambo geni tu pale. Makumbusho ilipofunguliwa ilionyesha mabaki ya São José, meli ya watumwa iliyopakia watu Msumbiji na kuzama karibu na Cape Town mwezi Desemba 1794, ikielekea Brazili. Pwani yetu imo katika habari hii. Mtoto wa miaka 4 hatakaa chini kule kwa muda mrefu, kwa hiyo gawaneni: mzazi mmoja abaki na mama, mwingine apande na mdogo ghorofa za juu kwenye muziki na michezo, mbadilishane. Kijana wa miaka 9 abaki chini na nyanya yake. Atauliza maswali, na ni vizuri ayaulize akiwa karibu naye.

Tokeni mkale nje. Mgahawa wa ndani una chakula kizuri cha Wamarekani weusi, lakini watano mtaacha hapo si chini ya dola 100. Nyinyi mna jiko hotelini. Jumamosi jioni kaangeni sambusa, pikeni viazi, chapati mje nazo tayari kutoka Columbus, chai kwenye chupa ya moto. Ndani ya makumbusho hairuhusiwi kula, lakini nyasi za pale nje ni za umma, na kula chini ya ile nguzo ya Washington, iliyomalizwa mwaka 1884 na kwenda juu mita 169, hakuna anayekuuliza. Mwezi wa kumi hali ya hewa ni ya koti jepesi. Malori ya vyakula yaliyopanga foleni kando ya barabara yapiteni, na kama mtoto anang'ang'ania, muulizeni muuzaji bei kabla hajafungua chupa.

Mama akiwa amekaa kivulini nawe, mumeo anaweza kuwakimbiza watoto kwenye Makumbusho ya Viumbe, mwendo mfupi. Haihitaji pasi. Mlangoni kuna tembo mkubwa mno kutoka Angola, amesimama pale tangu 1959, na upande mmoja kuna ukumbi wa asili ya binadamu unaozungumzia Olorgesailie, ile sehemu ya zana za mawe iliyo kwenye njia ya Magadi. Mtoto aliyezaliwa Ohio akaona jina la kwao kwenye ukuta wa jumba kama lile, hasahau.

Kisha fanyeni matumizi ambayo sitaki myaogope: iteni teksi ya simu, ile kubwa ya abiria sita maana ya kawaida haiwachukui watano, iwapeleke kwenye sanamu ya Martin Luther King. Kama dola 20. Hiyo ndiyo kilomita iliyomshinda shangazi yangu. Sanamu ilizinduliwa mwaka 2011, ina urefu wa mita 9, inatazama maji. Kutoka hapo hadi kwa Lincoln ni mwendo wa taratibu chini ya miti, na kiti kinapita. Pangeni mfike kwa Lincoln jua linapotua, kama saa kumi na mbili na nusu katikati ya mwezi wa kumi. Kwenye ngazi kuna jiwe lililochongwa mahali hasa aliposimama King kutoa hotuba yake ya "Nina ndoto" tarehe 28 Agosti 1963. Pale mahali hapafungwi usiku wala mchana, na taa zikiwaka maji ya bwawa hushika mwanga hadi kwenye nguzo. Teksi nyingine iwapeleke kituo cha Foggy Bottom, na Silver Line iwarudishe Herndon bila kubadilisha.

Kama mama yako ni wa kizazi cha redio, na wa Mombasa wengi ni hao, mwambie kwamba mji huu ndio ule alioukuta kila jioni kwenye Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika. Jengo walikotangazia kwa miongo mingi liko Independence Avenue, pembeni mwa uwanja huo huo. Treni inapita karibu nalo. Mama wa rafiki yangu mmoja aliposikia hivyo, aliacha kuuliza habari za Bunge akataka aone jengo hilo tu.

Nimeacha mengi. Makumbusho ya Sanaa ya Afrika, ambako mwaka 2018 kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, yafaa kama mkipata saa moja zaidi. Maktaba ya Bunge ina jumba la mwaka 1897 ambalo uzuri wake unamfanya mtu ashushe sauti, tena wana ofisi Nairobi inayowakusanyia vitabu vya Afrika Mashariki, vya Kiswahili vikiwemo. Lakini Jumapili hufungwa. Yaacheni. Mtarudi.

Sasa hesabu. Mafuta, nikichukulia gari la kwenda maili 25 kwa galoni na bei ya dola 3.30, ni kama dola 120 kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya hapa na pale. Hoteli usiku tatu, nikiweka dola 140 kila usiku kodi ikiwa ndani, ni 420. Mkipata zaidi ya hapo badilisheni wikendi kabla hamjabadilisha hoteli. Treni siku mbili ni dola 30, teksi mbili 40. Vyakula vya dukani 120, na mlo mmoja mkubwa wa nje 130. Mlo huo ningewashauri uwe wa Kihabeshi, kwani eneo la Washington lina Wahabeshi wengi mno, sinia moja la injera linalisha wawili au watatu, na kula kwa mkono kutoka sinia moja mama hatahitaji kufundishwa. Viingilio: sifuri. Jumla dola 860. Wekeni 200 pembeni za dharura ambazo hazigusiwi kwa zawadi. Zinabaki 140, na hizo ndizo za zawadi, kofia na aiskrimu, au za kuongeza hoteli bora kama ile ya bei nafuu haina lifti.

Tarehe, kuweni waangalifu. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, na Bunge lisipopitisha fedha serikali hufungwa. Mwaka 2025 ilifungwa siku 43 kuanzia siku hiyo, na Smithsonian ikafunga milango yake tarehe 12 Oktoba. Kwa hiyo chukueni hoteli inayokubali kufutwa bila malipo, na sikilizeni habari wiki ya mwisho ya Septemba. Wikendi ya Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu, bei hupanda. Jumapili ya mwisho ya mwezi kuna mbio za Marine Corps Marathon na barabara nyingi kando ya makumbusho hufungwa. Wikendi ya tatu ndiyo ningeichagua.

Jumatatu ondokeni baada ya kifungua kinywa, kwa njia ile ile mliyojia. Mkipita Hancock na kuingia I-68, baada ya maili chache mtaona mlima uliopasuliwa ili barabara ipite, unaitwa Sideling Hill, matabaka ya mwamba yamejipinda kama mkeka uliokunjwa. Kuna mahali pa kupumzika hapo hapo, pana vyoo safi na pa kusimama kutazama bonde. Wiki hiyo ya Oktoba majani ya milima ile huwa yamegeuka mekundu na manjano, jambo ambalo mama hajaliona Mombasa hata siku moja. Mpeni koti, mwacheni atazame anavyotaka. Hadi Columbus bado kuna mwendo wa saa tano hivi, na watoto watalala njiani.